Binti wa miaka 14, mashindano ya tenisi ya Januari katika nchi ya baridi kali: safari tuipange vipi?

Mama Mchezaji

Habari zenu wadau wa tenisi. Naomba ushauri katika jambo ambalo mimi na mume wangu tumelizungumza kwa muda mrefu bila kulimaliza. Binti yetu ana umri wa miaka 14, na kocha wake anataka acheze mashindano yake ya kwanza ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF), ya daraja la J30, ambalo ndilo la chini kabisa, yatakayofanyika mwezi wa Januari kaskazini mwa Ulaya, ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mechi zote zitachezwa ukumbini, kwenye uwanja mgumu. Binti amekulia mahali pasipo na majira ya baridi kali, hajawahi kuona theluji, na mechi zake zote mpaka sasa amezicheza chini ya jua.

Kinachotusumbua zaidi ni tarehe. Wapo wanaotuambia tufike wiki nzima mapema ili mwili uizoee baridi, na wapo wanaosema siku mbili zinatosha kwa kuwa anacheza ndani. Tiketi ya kurudi nayo hatujui tuikate ya siku gani, kwa sababu anaweza kutolewa katika mechi ya kwanza na anaweza pia kufika nusu fainali. Halafu kuna viza: je, tuiombe kabla jina lake halijatoka kwenye orodha ya waliokubaliwa, au tuisubiri orodha kwanza?

Kuhusu mavazi na vifaa, maelezo ya nguo za baridi nimeyasoma mengi, lakini karibu yote yameandikiwa watalii wanaokwenda kutembea kwenye theluji. Mimi nina mtoto ambaye atatoka kwenye gari, ataingia ukumbini, atasubiri kwa saa kadhaa, atacheza mpaka alowe jasho, kisha atarudi nje. Mtu wa namna hiyo avae nini, na raketi zake zitunzwe vipi? Mimi ndiye nitakayesafiri naye, na huenda kocha asiweze kuja. Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Kocha wa Vijana

Ndugu mtoa mada, hongera kwa binti kufikia hatua hii, na hongera kwako kwa kuuliza mapema. Nitaanza na viza, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi za vijana huvunjikia kabla hata begi halijafungwa.

Orodha ya waliokubaliwa hutolewa takriban wiki tatu tu kabla ya wiki ya mashindano. Kanuni za viza ya Schengen, kwa upande wao, zinaruhusu maombi kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya safari na zinataka yafike angalau siku 15 kabla, huku uamuzi ukipewa muda wa siku 15 ambazo zinaweza kuongezwa hadi kufika 45. Ukizipanga tarehe hizo kwenye kalenda utaona kwamba anayesubiri orodha ndipo apeleke maombi amejinyima muda kabisa, maana ubalozi ukiamua kuchukua siku zote 45 mashindano yatakuwa yamekwisha. Kwa hiyo peleka maombi miezi miwili au mitatu kabla, na eleza wazi kwamba lengo la safari ni kushiriki mashindano. Kupitia chama chenu cha tenisi, waandikieni waandaaji na muombe barua ya mwaliko inayotaja jina la mchezaji, la msindikizaji wake, namba za pasipoti na tarehe za mashindano. Waandaaji wameizoea kazi hiyo na wengi huitoa, mradi waombwe kwa wakati. Hoteli iwekwe kwa masharti yanayoruhusu kufuta bila kulipa.

Angalieni pia mambo madogo ambayo hurudisha faili nyuma. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka eneo la Schengen, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Bima ya safari igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Fomu ya mtoto husainiwa na wazazi au mlezi wa kisheria, na kwa kuwa baba hatasafiri, beba barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na mwanasheria pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa maana itaulizwa ubalozini na huenda ikaulizwa tena uwanja wa ndege. Jina alilojiandikishia namba yake ya IPIN, yaani namba ya usajili ya mchezaji, ambayo bila hiyo hawezi kuingia kwenye mashindano ya ITF, lilingane herufi kwa herufi na lililo kwenye pasipoti.

Sasa tarehe ya kufika. Wazazi wengi huhesabu kurudi nyuma kuanzia Jumatatu, siku ambayo mara nyingi droo kuu, yaani mtoano wenyewe wa mashindano, huanza. Kwa mchezaji mpya asiye na pointi za viwango vya ITF hesabu hiyo haifai, kwa sababu yeye karibu bila shaka atapitia mchujo, nao huchezwa mwishoni mwa wiki kabla ya droo kuu. Zaidi ya hapo, mchezaji wa mchujo hutakiwa kufika mwenyewe na kusaini kwamba yupo, kwa kawaida jioni ya siku iliyotangulia. Asiyesaini kabla ya muda kufungwa hachezi, hata kama ndege yake ndiyo kwanza inatua. Saa hiyo ya kusaini ndiyo nguzo ya ratiba yenu yote, nayo imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya mashindano, pamoja na aina ya uwanja, aina ya mipira, hoteli rasmi na usafiri. Isomeni karatasi hiyo mpaka muijue kwa moyo.

Ushauri wangu ni kufika siku mbili kamili kabla ya siku ya kusaini. Siku moja ni ya kufidia ndege iliyocheleweshwa na theluji, na nyingine ni ya mazoezi. Ikiwa tofauti ya saa kati ya kwenu na huko ni kubwa, ongezeni kidogo, kwa sababu saa ya mwili hujirekebisha kwa wastani wa saa moja hivi kila siku, na huwa nzito zaidi kwa anayesafiri kuelekea mashariki. Lakini kukaa wiki nzima kwa ajili ya kuizoea baridi sioni faida yake, kwa sababu mechi haichezwi kwenye baridi.

Linalohitaji kuzoewa ni ukumbi wenyewe, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wachezaji waliokulia nje hulidharau. Mtoto aliyezoea kuurusha mpira wa kuanzia kuelekea anga tupu atauona sasa ukipotea kati ya taa na vyuma vya paa. Sauti ya mpira hurudi kutoka ukutani, hivyo sikio humdanganya kuhusu nguvu ya pigo la mpinzani. Hakuna upepo, na mpinzani aliyelelewa ukumbini anajua kwamba mpira wake utakwenda pale alipouelekeza, kwa hiyo hupiga bapa, yaani bila kuuzungusha mpira, mapema na karibu na mstari. Binti yako, kama ni wale wanaorudi nyuma na kuuzungusha mpira upande juu, atajikuta hana muda. Katika wiki za mwisho kabla ya safari, nashauri mazoezi yake mengi yawe ya kurudisha mpira wa kuanzia huku amesimama ndani ya mstari wa nyuma, na ya mapigo ambayo mkono hauvutwi nyuma sana. Kama mnaweza kupata ukumbi wowote wenye paa la juu, hata usio wa tenisi, arushe mpira wa kuanzia humo mara nyingi awezavyo ili macho yazoee taa.

Mkifika, jambo la kwanza baada ya kuweka mizigo ni kuandika jina kwenye ratiba ya viwanja vya mazoezi. Kumbi huwa na viwanja vichache, muda hugawanywa kwa nusu saa, na mara nyingi wachezaji wanne hupewa uwanja mmoja. Atakayechelewa kuandika atabaki na saa ambazo hakuna anayezitaka.

Baba wa Vijana Wawili

Nakubaliana na Kocha kwa yote, nami nitajazia upande wa tiketi na ule muda wa kusubiri, ambao kwa maoni yangu ndio unaoamua kama mtoto ataingia uwanjani akiwa na nguvu miguuni au hana.

Tiketi ya kurudi iwe ya kubadilishika. Itagharimu zaidi wakati wa kuinunua, lakini mashindano ya mtoano hayana tarehe ya kuondoka, na mtoto akijua kwamba ndege yake ni kesho asubuhi hujikuta anaiwaza ndege hiyo katikati ya seti ya tatu. Safari yote iwe kwenye oda moja, hata kama mashirika ni mawili, kwa sababu ukikosa ndege ya kuunganisha ndani ya oda moja, ni wajibu wao kukutafutia nyingine, ilhali kwa tiketi mbili ulizonunua mbalimbali mzigo unabaki kwako. Kati ya ndege na ndege acheni angalau saa tatu wakati wa majira ya baridi, kwani ndege hupuliziwa dawa ya kuyeyusha barafu kabla ya kuruka na foleni ya kazi hiyo inaweza kuwa ndefu. Jueni pia kwamba kwa ndege inayoondokea Umoja wa Ulaya, kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inalitaka shirika likupeni chakula na malazi mkikwama, hata pale ambapo sababu ni theluji. Fidia ya fedha ndiyo isiyolipwa kwa sababu ya hali ya hewa. Wazazi wengi huchanganya mambo haya mawili na kulala kwenye viti bila sababu.

Kama uwezo upo, tafuteni mashindano mengine ya daraja hilo hilo katika wiki inayofuata, katika nchi ile ile au ya jirani, na mombeni viza itakayozibeba wiki zote mbili. Nauli ni ile ile, mtoto ameshauzoea ukumbi, na kutolewa mapema katika wiki ya kwanza hakuifanyi safari nzima kuwa bure. Naliona hili kuwa uamuzi wenye tija kuliko mwingine wowote katika bajeti ya safari za namna hii.

Sasa kusubiri. Kwa kawaida ni mechi za kwanza za siku tu ndizo zenye saa kamili. Zinazofuata huandikwa kwamba zitachezwa baada ya ile iliyotangulia kwisha, na mechi moja inaweza kwisha kwa dakika hamsini au kwa saa tatu. Mechi ikiitwa, mchezaji ambaye hayuko tayari ndani ya dakika 15 hupoteza mechi, kwa hiyo hamwezi kukaa hotelini mkibahatisha. Tafuteni malazi ambayo mnaweza kuyafikia kwa miguu au yaliyo kwenye njia ya gari la mashindano, na siku zote fikeni wakati mechi inayotangulia yenu iko kwenye seti ya kwanza.

Angalieni mahali anapokaa. Katika kumbi nyingi, benchi la wachezaji liko karibu na mlango au kando ya ukuta. Kila mlango unapofunguliwa, hewa ya nje huingia chini chini na kupita kwenye vifundo vya miguu. Utamwona mtoto amevaa koti zito juu, huku suruali yake ni fupi na soksi zimelowa kutokana na mazoezi ya asubuhi, amekaa hapo kwa saa nzima akitazama simu. Akisimama kwenda kucheza, mapaja yamekaza. Mhamishie ndani, avue soksi, avae kavu, avae suruali ndefu, na kila baada ya dakika 20 au 30 ainuke atembee. Uwanjani watapewa dakika 5 tu za kupasha mwili kwa pamoja, na dakika hizo ni za kupima mpira. Kupasha mwili kwenyewe kumalizike kabla, kwa dakika 15 hivi za kuruka kamba na kukimbia mbio fupi kwenye korido.

Kuhusu viatu: viatu vya mechi visiguse nje kamwe. Njia za miguu humwagiwa chumvi na changarawe ili watu wasiteleze, na changarawe ikishika kwenye soli huharibu uwanja na humtelezesha mchezaji. Atembee kwa buti, avae viatu vya mechi akiwa ndani. Hakikisheni soli haziachi alama, na kama wiki ya pili itachezwa kwenye zulia, ulizeni mapema, kwa sababu baadhi ya mazulia huhitaji viatu vyenye soli laini isiyo na mistari, na soli ya uwanja mgumu ikinasa hapo ni kifundo kinachoumia.

Raketi na jozi moja ya viatu vya mechi viingie nanyi ndani ya ndege pamoja na nguo za siku moja. Begi kubwa likipotea, binti bado anaweza kucheza.

Fundi Nyuzi

Nitazungumzia raketi na mipira pekee, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mipira hupimwa ubora ikiwa kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi. Katika hali hiyo, mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya saruji hurudi juu kati ya sentimita 135 na 147. Ukumbi wenye baridi ukiwa kwenye nyuzijoto 12 au 13, hewa iliyomo ndani ya mpira hupoteza mgandamizo na mpira wenyewe hukakamaa, hivyo hudunda chini zaidi na huhisi kama jiwe kwenye nyuzi. Mchezaji aliyezoea mpira unaopanda hadi begani atakutana nao kiunoni. Tofauti hiyo huwa kubwa zaidi katika michezo michache ya mwanzo, kabla mipira haijapata joto la kupigwa.

Nyuzi za poliesta nazo hukakamaa kwenye baridi. Kwa sababu hiyo wachezaji wengi hupunguza ukazaji kwa kilo 1 hadi 2. Kwa binti wa miaka 14 mimi ningeanza na kilo moja, kisha nimsikilize. Abebe raketi tatu kama anazo: moja ikiwa kwenye ukazaji wake wa kawaida, mbili zikiwa zimelegezwa kidogo, kwani ukumbi unaweza pia kuwa na joto la kutosha na mabadiliko yasihitajike. Mbebee na nyuzi zake mwenyewe za akiba, maana fundi wa mashindano huwa na mashine lakini si lazima awe na uzi anaoutumia. Mkasi wa kukatia nyuzi uwekwe kwenye begi linaloingia chini ya ndege, ilhali betri ya akiba ya simu haikubaliki huko chini na lazima ikae nanyi juu.

Raketi zisilale kwenye gari usiku, hata usiku mmoja. Na zikitoka nje zikiwa za baridi sana, acheni begi likiwa limefungwa kwa muda baada ya kuingia ukumbini ili zipate joto polepole. Zikitolewa papo hapo, unyevu wa hewa ya ndani hujikusanya kwenye mpini, na mkono huteleza katika michezo ya mwanzo.

Kama karatasi ya maelezo imetaja aina ya mipira, nunueni makopo machache ya aina hiyo hiyo na afanye nayo mazoezi nyumbani.

Mama Mchezaji

Sina neno la kuwashukuru vya kutosha. Tayari tumeiandikia kamati ya mashindano kuomba barua ya mwaliko, na suala la wiki ya pili tumelipeleka kwa kocha wake.

Nina maswali mawili yaliyozuka kutokana na majibu yenu. Binti hukohoa anapomaliza mazoezi makali asubuhi zenye baridi kidogo, na daktari wetu aliwahi kumpa dawa ya kuvuta, ingawa haitumii mara kwa mara. Je, hewa ya huko itamletea shida, na dawa hiyo inaruhusiwa kwenye mashindano? La pili, kocha anashauri ajiandikishe pia kwenye mechi za wawili wawili. Nahofia atachoka bure.

Mtabibu wa Michezo

Mama, swali lako la kwanza ni la maana sana na nafurahi umeliuliza kabla ya safari.

Kikohozi kinachokuja baada ya juhudi kubwa kwenye hewa ya baridi mara nyingi hutokana na njia za hewa kubana. Hewa ya baridi huwa kavu, na mchezaji anayehema haraka kwa mdomo huikausha njia yake ya hewa, nayo hujibu kwa kusinyaa. Hewa ya ukumbi unaopashwa joto nayo inaweza kuwa kavu, hivyo kuwa ndani hakumalizi tatizo lote. Mrudishe kwa daktari apimwe vizuri kabla ya safari, na mtoke hapo na mpango ulioandikwa: dawa ipi, kiasi gani, dakika ngapi kabla ya mechi. Anapokuwa nje azibe pua na mdomo kwa skafu, ili avute hewa iliyokwisha kupata joto na unyevu wa pumzi yake mwenyewe. Kupasha mwili hatua kwa hatua, kama alivyoeleza ndugu hapo juu, pia hupunguza ukali wa kubana huko.

Mashindano ya vijana ya ITF yako chini ya kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli, na umri mdogo haumwondoi mchezaji kwenye kanuni hizo. Salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa bila kibali ikiwa haizidi mikrogramu 1600 kwa saa 24, na isizidi mikrogramu 600 katika kipindi chochote cha saa 8. Terbutalini, ambayo nayo hupewa wagonjwa wa pumu, imekatazwa isipokuwa kwa kibali maalumu cha matibabu, kwa hiyo soma jina lililo kwenye kichupa wala usiridhike na kujua kwamba ni ya pumu. Kama ni ya aina inayohitaji kibali, maombi yapelekwe mapema kupitia daktari.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye mafua. Mtoto akianza kupiga chafya huko ugenini, mzazi huingia duka la dawa na kununua kidonge cha kufungua pua. Vingi vya vidonge hivyo vina pseudoefedrini, ambayo imekatazwa wakati wa mashindano endapo kiasi chake kwenye mkojo kitazidi mikrogramu 150 kwa mililita, na kipimo cha kawaida cha matibabu kinaweza kumfikisha huko kwa baadhi ya watu. Beba kutoka nyumbani dawa chache za homa na mafua ambazo daktari amekwisha kuzikagua, pamoja na maji ya chumvi ya kupulizia puani, na usimpe kitu kingine bila kukihakiki.

Mavazi yake yafuate tabaka. Linalogusa ngozi liwe la kitambaa chepesi kinachokauka haraka au sufu laini, la kati liwe la kutunza joto, na la juu liwe la kuzuia upepo. Pamba isiguse mwili siku ya mechi, kwa sababu hushika jasho, na jasho lililopoa kwenye mgongo ndilo linalomtetemesha mtoto dakika kumi baada ya kumaliza. Abebe fulana na soksi kavu za kubadilisha mara tu baada ya mechi, kabla hata ya kuzungumza habari ya matokeo. Nywele zikiwa zimelowa asitoke nje bila kuzikausha na kuvaa kofia. Glavu avae kila atokapo, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi haviushiki mpini kwa hisia ile ile. Katika siku za upepo mkali, baridi inayohisiwa ikifika nyuzijoto 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, kwa hiyo matembezi ya kuona mji siku hizo yaahirishwe.

Kwenye baridi kiu hupungua ilhali jasho na pumzi vinaendelea kutoa maji mwilini. Usimsubiri aseme ana kiu. Chupa yake iwe na maji ya uvuguvugu, maana ya baridi sana ataonja tu na kuirudisha.

Mwisho, mwanga. Mwanzoni mwa Januari, miji kama Helsinki na Oslo hupata mwanga wa mchana kwa takriban saa 6 tu. Mtoto huamka gizani, hutoka ukumbini gizani, na usingizi wake huvurugika bila yeye kujua sababu. Mtoe nje kwa dakika 20 au 30 mchana wa kila siku isiyo na upepo mkali, akiwa amevaa vizuri, na simu zizimwe mapema usiku.

Kocha wa Vijana

Kuhusu mechi za wawili wawili, mimi naungana na kocha wake. Mchezaji aliyetolewa kwenye mchujo siku ya Jumamosi hubaki na wiki nzima bila mechi, na pale wachezaji waliobaki kwenye droo wanapopewa kipaumbele cha viwanja vya mazoezi, yeye hukosa hata mahali pa kupiga mpira. Akiwa kwenye droo ya wawili wawili bado ni mshiriki, bado ana sababu ya kuamka, na anaupata ukumbi ule ule kwa saa nyingine nzima akijifunza kuanzisha mpira chini ya taa. Uchovu wake ni mdogo kuliko unavyodhani, kwa sababu katika madaraja haya mechi hizo huchezwa kwa seti mbili, na wakitoshana huamuliwa kwa mchezo mfupi wa kufikia pointi 10 badala ya seti ya tatu.

Shida ni kumpata mwenzake. Wachezaji wenye pointi huwa wameshapatana kabla ya kuwasili, kwa hiyo orodha ya waliokubaliwa ikitoka, tazameni nani mwingine anakuja bila mwenzake kutoka nchi yake, mumwandikie kupitia chama chenu. Mkishindwa, siku ile ile ya kufika mwone mwamuzi mkuu na umweleze kwamba binti anatafuta mwenzake. Yeye ndiye anayezijua sura zote, na mara nyingi atakuonyesha mtoto mwingine aliyekaa peke yake na mzazi wake akiuliza jambo hilo hilo. Muda wa mwisho wa kuandikisha jozi umo kwenye karatasi ya maelezo, na majina yote mawili lazima yawe yameandikwa kabla ya saa hiyo.

Kama mimi ningekuwa kocha wake na nisiweze kusafiri, ningekuomba jambo moja, Mama. Baada ya kila mechi nitumie video ya michezo minne mitano, iliyopigwa kutoka nyuma ya uwanja na si ubavuni, ili nione mpira wa mpinzani unapanda kiasi gani na binti anasimama wapi kuupokea. Ulizia kwanza kwa mwamuzi mkuu kama kupiga picha kunaruhusiwa, kwa kuwa wachezaji wote hapo ni watoto.